Utepe Kwenye Matete

Kila Jumamosi asubuhi Mtulivu alivaa mabuti ya mpira, akaning'iniza shingoni kamera ya marehemu mama yake, akamfuata shangazi bwawani. Shangazi alikuwa mlinzi wa hifadhi ya ndege. Yeye alihesabu ndege na kuandika idadi daftarini. Mtoto alipiga picha kupitia tundu la kibanda cha mbao. Sheria ilikuwa moja tu: usitoke kibandani.

Mtulivu alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa baada ya msiba, kwa kuwa hakulia. Wenzake walitania kwamba hata akikanyagwa na ng'ombe ataomba radhi. Hakuwa akijikaza. Aliamka, akala, akasali, na maneno ya sala yalimtoka kama ya kuazima. Alitaka jambo moja tu. Mwalimu wa sanaa angetundika picha bora ukumbini, na alikuwa amekubali jina la mama liandikwe chini yake.

Kukuziwa mmoja, ndege mweusi wa majini, alikuwa akiatamia mayai matano katikati ya matete. Kutoka kibandani ulionekana mdomo wake mwekundu tu. Shangazi alipozunguka ng'ambo ya bwawa, Mtulivu alitoka, akayavuta matete kando na kuyafunga kwa utepe wake wa nywele. Ndege alikimbia. Mtulivu akarudi kibandani, na ndege aliporudi, picha ilitoka safi, mayai na yote. Kisha shangazi akaita, wakaondoka. Utepe akausahau.

Jumamosi iliyofuata tago lilikuwa tupu.

"Kunguru wamekula mayai yote. Hawana hata haya," shangazi alisema, akaandika.

Mtulivu aliuona utepe wa kijani palepale alipoufunga. Hakusikia chochote moyoni. Angeweza kunyamaza, na picha ingetundikwa. Lakini kukuziwa alirudi, akajipanga vizuri, akakalia tago tupu.

"Anaatamia nini, Shangazi?"

"Hakuna kitu. Mwili wake haujapokea habari bado."

Mtulivu alimtazama yule ndege kwa muda mrefu. Kisha akauonyesha utepe kwa kidole.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemfungulia kunguru mlango. Nilifunga matete kwa utepe. Picha ninayo."

Shangazi alifunga daftari. Hakumgombeza. Waliingia majini pamoja, wakafungua utepe, matete yakasimama polepole. Mtulivu aliifuta picha ile mwenyewe, na machozi yaliyochelewa miezi minane yakaja. Shangazi hakumnyamazisha.

Wiki tatu baadaye kukuziwa alitaga tena, ndani zaidi. Picha aliyopeleka Mtulivu ilionyesha matete matupu na nukta nyekundu. Mwalimu aliuliza ndege yuko wapi, akaambiwa yupo, anajificha. Aliitundika karibu na mlango, jina la mama chini yake.

Shangazi alikuja kuiona.

"Hii ni ya kweli," alisema. "Kizuri unachokipenda, mwanangu, kiachie maficho yake. Na ukikosea, sema. Ungenyamaza, utepe ule ungekuwa umefungwa hapo mpaka leo."