Aliyeaminiwa Mara Mbili

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wa Gredi ya Nane walibaki darasani kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha wa Waingereza wa kale, ambao Mwalimu Jescah aliutafsiri mwenyewe. Bwana harusi anadanganywa kwamba mchumba wake si mwaminifu, naye anamwaibisha mbele ya kanisa zima. Mwishowe ukweli unajulikana, wanaoana na watu wanacheka.

Osiako alikuwa bwana harusi, Navalayo bibi harusi. Shida ni kwamba Osiako alisahau maneno yake kila mara, na Navalayo akawa anamkumbusha.

"Wewe ni mwanamume gani, unaongozwa na msichana?" Philip alimtania. Wavulana wakaangua kicheko. Osiako akacheka nao, lakini roho ilimuuma kwelikweli.

Kesho yake alilipiza. "Huyo mnamwona malaika?" aliwaambia wenzake. "Jumamosi nilimwona kule mtaa wa Shirere, akitoka chumbani kwa mwanafunzi wa chuo."

Kumwona alimwona. Alichoficha, mtoto yule, ni kwamba Navalayo alikuwa na mama yake, Maximilla, ambaye huwafulia wanafunzi nguo, na kila mmoja alikuwa amebeba beseni.

Lo! Kufikia Ijumaa mtaa wetu mzima wa Amalemba ulikuwa na habari hiyo. Mzee Osundwa, baba yake Navalayo, aliapa kumwachisha shule na kumpeleka Chekalini kwa shangazi yake akalime mahindi.

Navalayo hakuonekana tena shuleni, na Mwalimu Jescah hakupata bibi harusi mwingine, maana wazazi wa wasichana wote walikataa.

"Zamani zile wavulana ndio walioigiza wanawake," alisema, akamfunika Osiako leso kichwani. "Leo wewe ndiwe bibi harusi. Philip, wewe uwe bwana."

Philip akamnyooshea kidole. "Mwongo! Mchafu! Mrudisheni kwa baba yake!"

Darasa likacheka mpaka madawati yakatikisika. Hapo mchezo ulimtaka bibi harusi alie tu, na Osiako alilia kweli.

"Mwalimu," akasema, "Navalayo nilimsingizia."

Jioni hiyo Mwalimu Jescah alimpeleka kwa kina Navalayo. Osiako alieleza yote huku akitazama chini. Mzee Osundwa akashusha pumzi.

"Ala, kumbe! Basi Jumatatu arudi shule. Asante, kijana. Umesema kiume."

"Baba," Navalayo akasema, "mimi nilikwambia hivyo hivyo mpaka sauti ikanikauka. Mama naye alikwambia, na tulikuwa pamoja. Ukasema tunafichiana. Huyu amedanganya, umemwamini. Amesema kweli, umemwamini tena."

Akaingia jikoni. Mwalimu na Osiako wakaaga.

Njiani Mwalimu Jescah alisema, "Osiako, usijivunie asante ya mzee. Ni vyema umesema kweli. Lakini mvulana anayemchafulia msichana jina kwa sababu amechekwa, huo si uanaume, ni uoga. Na ujue uongo wako ulishika kwa sababu sisi watu wazima tuko tayari kuamini lolote baya juu ya msichana. Hilo ni kosa letu. Usilirithi."

"Atanisamehe, Mwalimu?"

"Hilo ni juu yake. Wewe usimdai."

Jumatatu Navalayo alirudi darasani. Mwalimu alimpa tena nafasi yake katika mchezo, akaikataa. Osiako alimwendea akamsalimu mbele ya wote, akasema, "Nisamehe."

Navalayo alifungua kitabu chake cha hesabu, akaendelea kusoma.