Kijazapengo cha Bi Mwamvita

Pikipiki mbili ziliingia kwenye tope kwa pamoja, na safari hii hazikuganda. Bi Mwamvita aliishika pedi ya gemu kwa vidole vyake vya miaka sabini na mbili, akaona kila tone la tope likiruka peke yake. Akaona hata maandishi kwenye kibao cha barabarani, ambacho tangu utotoni alikijua kama doa la njano tu.

"Kumbe pale palikuwa na duka la nyama," alisema.

"Lilikuwepo siku zote, Bibi," alijibu fundi Zaina Semkiwa, aliyeketi mkekani na vifaa vyake. "Mtambo wa zamani ndio uliokuwa hauna pumzi ya kukuonyesha."

Gemu yenyewe haikuongezwa hata herufi. Ilikuwa ile ile Mbio za Matope ambayo Bi Mwamvita na mdogo wake Mbwana waliicheza hapa hapa Korogwe miaka sitini iliyopita, kabla mji haujajaa maghorofa ya vioo na mikokoteni inayojiendesha. Mtambo wa siku zile ulichora picha ishirini kwa sekunde, na pikipiki mbili zikikutana topeni ulihema kama mbuzi mwenye mimba. Mtambo huu mpya ulichora mia na ishirini, na nguvu ikabaki. Ni kama mzee aliyeazimwa miguu ya kijana: njia anaijua, sasa ana mbio za kuipita.

Lakini kasi haikuwa shida pekee. Mbwana alikuwa mwezini.

Alikuwa mlinzi wa kisima cha barafu huko, peke yake kituoni, mwaka wa tisa sasa. Makao makuu waliletewa taarifa yake kila Jumamosi tu. Kwa siku zilizobaki, kila mlinzi wa namna hiyo aliandikishiwa msikilizaji mmoja duniani, mtu wake, ambaye akiona kimya atapiga simu makao makuu. Msikilizaji wa Mbwana alikuwa dada yake, na kusikilizana kwao kulikuwa ndizo hizo mbio, kila siku baada ya alasiri.

Sasa, neno likitoka Korogwe huchukua sekunde moja na kitu kufika mwezini, na jibu huchukua kama hiyo kurudi. Katika maongezi si neno. Katika mbio za pikipiki ni balaa. Kila kona picha iliganda ikingoja mkono wa mwenzio, na katika kuganda huko ndugu hao wawili walitegeana vitendawili.

"Kitendawili," Mbwana angesema.

"Tega."

"Namsalimu mgeni, anaitika nimeshafika jikoni."

"Si wewe huyo, unayechelewa kujibu? Huna haya, unajitega mwenyewe."

Hata hivyo Bi Mwamvita alichoka. "Mimi si samaki wa kugandishwa," alimwambia Zaina. Ndipo Zaina akamfungia kijazapengo. Kifaa hicho kilisoma mbio zote za Mbwana zilizohifadhiwa, kikajifunza anavyokata kona, anavyochelewa breki, anavyopenda kushoto. Kisha kikawa kinakisia atakachofanya na kukichora kabla neno lake halijafika. Kikikosea kidogo, kilirekebisha kimya kimya. Sekunde kumi zikipita bila ishara yoyote kutoka kwake, kilisimamisha picha kabisa.

Huko kusimamisha ndiko kulikomuudhi Bi Mwamvita, kwa sababu kila mawasiliano yalipofifia kidogo, mbio zilikatika.

"Nitolee hicho kizuizi."

"Bibi, kile ni cha usalama."

"Usalama wa nini? Nacheza na mdogo wangu, sirushi ndege."

Zaina alisita. Halafu akakitoa, maana mzee ameomba.

Basi mbio zikawa tamu kama mteremko. Hapakuwa tena na pa kungojea, na vitendawili vikakosa pa kukaa. Siku nyingine walimaliza mbio tano na maneno yasiyozidi kumi. Jumapili dada mtu alishinda zote.

"Umeshindwa na ajuza," alimcheka. "Na hizo ndevu zote."

"Kesho utanitambua," alisema Mbwana.

Kesho yake alimtambua kweli. Mbwana alimpita darajani, hakusema neno. Jumanne vile vile. Bi Mwamvita akacheka peke yake: kijana wa miaka sitini na nane, amenuna.

Jumatano akateleza yeye, pikipiki ikalala topeni. Alipoinua macho, aliona ya Mbwana imesimama ng'ambo ya daraja, taa imemgeukia. Ilikuwa sheria ya marehemu mama yao tangu utoto: anayefika nyumbani peke yake hali chakula. Mbwana hakuwahi kuivunja, hata kwenye gemu.

"Ahsante, bwana mkubwa," alisema, moyo umelainika. "Bado umenuna? Haya, kitendawili."

Alihesabu sekunde tatu. Akahesabu kumi.

"Kitendawili, Mbwana."

Pikipiki iliendelea kumngoja, inanguruma taratibu. Mtu anaweza kununa siku tatu. Lakini yule hajapata kuacha kitendawili kipite bila kusema tega. Bi Mwamvita aliiweka pedi chini kama kitu cha moto, akamwita Zaina.

Zaina alifika, akafungua kumbukumbu za mtambo, akakaa nazo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bibi, ishara ya mwisho kutoka kwake ilifika Jumatatu, saa kumi na dakika nne."

"Na aliyenisubiri darajani?"

"Mtambo. Unajua kwamba huwa anakusubiri."

Bi Mwamvita alipiga simu makao makuu kwa mkono wake mwenyewe. Aliyepokea alisema hawakuwa na wasiwasi. "Msikilizaji wake ni wewe, Mama. Na wewe hukutuambia kitu."

Walimfikia Alhamisi. Ukuta wa barafu ulikuwa umeangukia mlango, ukavunja mnara wa mawasiliano na kumbana mguu. Hewa ya akiba ilikuwa ya siku tano. Mguu ulikatwa juu ya goti, na daktari wa huko hakuficha: wangefika siku ya kwanza, ungepona.

Jumapili walimuunganisha na dada yake, sauti tupu.

"Dada."

"Mdogo wangu."

"Jumatatu nilijiambia, Dada ataona kimya kabla ya kona ya pili." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Jumanne nikaona hapana, huyu kapatwa na jambo. Dada yangu hawezi kunyamaza hivi akiwa mzima. Maumivu nikayasahau, nikawa nakuombea wewe. Uliumwa nini?"

Zaina, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha kichwa. Bi Mwamvita alikuwa amefunguliwa mlango mpana wa kutokea. Angesema homa, na Mbwana angeamini, angempa pole, na maisha yangeendelea. Aliufikiria mlango huo. Lakini aliyeombewa na mtu aliyelaliwa na barafu hawezi kumlipa kwa homa ya uongo.

"Sikuumwa," alisema. "Nilikuwa nacheza."

Neno likaenda mwezini, jibu likarudi.

"Na nani?"

"Na wewe."

Akamweleza yote: kijazapengo, kizuizi kilichotolewa kwa amri yake, daraja. Hakumtaja Zaina. Alipomaliza, sekunde za njiani zilipita, na nyingine zikapita juu yake.

"Nani alishinda?" aliuliza Mbwana.

"Jumatatu wewe. Jumanne wewe. Jumatano hatukumaliza."

Upande wa pili pakawa kimya. Zaina alinyoosha mkono kutazama kama laini imekatika, na Bi Mwamvita akaushika mkono huo, akaurudisha taratibu.

"Mwache," alinong'ona. "Huyu ni yeye, si mtambo."