Nilizima Mashine Iliyovuta Seli za Minza

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Bukoba, mtaalamu wa maabara hapa Mwanza. Haya ninayoyaandika, hata mume wangu alichelewa kuyajua...

Minza aliletwa kwetu maabara akiwa binti mdogo tu kutoka Kisesa. Kila asubuhi, "Shikamoo dada!" Nami nilimpenda, Mungu shahidi! Nilimfundisha mwenyewe kuchuna mshipa mkubwa wa ng'ombe kutoka machinjioni, kutoa seli za misuli yake na kuziotesha juu ya kipande cha mpira.

Mshipa wa damu hutanuka kila moyo unapodunda. Kwa hiyo mashine yetu iliuvuta ule mpira na kuuachia, bila kupumzika. Seli zisipovutwa hulala ovyo. Zikivutwa siku kadhaa, hugeuka na kujipanga safu safu, zikilala kwa kukingama na mvuto. Za kwangu zilijipanga nusunusu. Za Minza? Safu tupu! Mkuu wetu aliita watu waje kuchungulia kwenye darubini.

"Huyu mtoto ana mkono," alisema mbele yangu.

Mkono! Nani aliufundisha mkono huo?

Wivu ulinishika. Hata shikamoo yake nikaiona dharau. Kisha tukaambiwa mmoja wetu atapelekwa masomoni nje, na kwamba Jumatatu Minza ataonyesha wageni seli mpya alizotoka kuziotesha. Nilijua safari itakuwa ya Minza...

Jumamosi akapata msiba, bibi yake amefariki. Aliniomba nimshikie zamu hadi azike. Nikampa pole, nikamsindikiza hadi kituoni Buzuruga. Niliporudi nikaizima mashine! Jumatatu asubuhi, kabla hajafika, nikaiwasha.

Wageni walichungulia, wakatazamana. Seli zilikuwa zimelala ovyo. Mkuu aliniuliza, nikaapa kuwa mashine haikusimama hata dakika moja. Minza alinitazama, akasema pengine yeye ndiye aliyekosea kuotesha. Safari nikapewa mimi. Mkataba wake haukuongezwa.

Wiki ya kufunga mizigo, nilipokuwa nasafisha meza yake, nilikuta daftari. Mashine ile huhesabu kila mvuto, nami kwa haraka yangu nililisahau jambo hilo! Minza alikuwa ameiandika hesabu ya Jumatatu ile. Ilipungua kwa mivuto ya karibu siku mbili. Pembeni hakuandika neno.

Alijua! Alijua, akanyamaza...

Nilikwenda Kisesa siku hiyo hiyo. Nilimkuta anaanua mahindi, akanipa kigoda. Nililia, yeye hakulia.

"Dada, ungesema tu kwamba unaitaka safari, ningekuachia," alisema. "Mimi nilikuwa naitaka kazi."

Nilikiri kwa mkuu. Safari ikafutwa, nami nikafukuzwa. Minza aliitwa arudi, akakataa. Alisema hawezi tena kufanya kazi ambayo ni lazima umwachie mwenzako ailinde wewe ukiwa umelala.

Wasomaji wenzangu, je, kuna mtu unayemwonea wivu kwa sababu tu anafanikiwa? Mwambie mtu leo, hata kama ni aibu! Mimi niliona aibu kusema nina wivu. Sasa nimebaki na aibu kubwa zaidi, na mdogo wangu yule, nikimpigia simu, huniamkia vizuri kabisa kisha hukata.