Sahihi ya Illuminée

Jumamosi ile, jua likianza kushuka nyuma ya Mlima Kigali, Libère alikuwa bado hajanunua kitu. Maonyesho ya stempu na karatasi za kale hufanyika mara moja kwa mwaka katika ukumbi wa hoteli moja kuukuu pale Kiyovu, mjini Kigali, na ilibaki nusu saa yafungwe.

Hakuja kutafuta stempu. Alikuja kutafuta mwandiko wa mke wake.

Illuminée alifariki mwaka uliopita, mwezi wa sita. Enzi za uchumba alimwandikia barua thelathini na moja kutoka Bujumbura, zile za karatasi moja nyembamba ambayo ukishaiandika unaikunja, yenyewe inakuwa bahasha. Libère, wakati huo kijana wa chuo aliyeanza kukusanya stempu, alizilowesha zote katika beseni la maji ya uvuguvugu ili stempu zibanduke bila kuchanika. Wino ukaenda na maji. Illuminée alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi umeniyeyusha," alisema.

Walioana, wakawa wanaongea. Hakukuwa tena na sababu ya kuandikiana. Baada ya mazishi Libère alipekua nyumba nzima pale Busanza. Hakupata hata orodha ya sokoni. Kwenye cheti chao cha ndoa, mahali pa sahihi yake palikuwa peupe. Alidhani ni unyevu. Hata hospitalini, mwalimu yule aliyefundisha miaka ishirini na sita alibonyeza dole gumba kwenye fomu badala ya kusaini. Madaktari walisema mikono imeishiwa nguvu.

Ndiyo maana alipekua masanduku ya wauzaji, bahasha moja moja. Huenda barua aliyomwandikia shangazi au rafiki ilikuwa imeangukia humo.

"Wewe mzee wa makaratasi," Usumani alimwita akicheka. Alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, na siku za maonyesho aliuza kadi za posta. "Tangu asubuhi unachokora tu. Panya nao wanapumzika, sha."

"Kule mwisho kuna meza sijaiona."

Usumani aliacha kucheka. "Ile si ya kununua," alisema, akainamia sanduku lake.

Libère alikwenda.

Meza ilikuwa nyuma ya nguzo, mahali ambapo mwanga wa taa haukufika. Mama mmoja wa makamo aliketi hapo, kitenge begani, albamu moja nene mbele yake. Harufu ilimfikia kabla ya salamu... gundi iliyolowa. Harufu ya beseni lake la ujanani.

Na chini ya meza, sauti ya maji.

Tone... Tone...

"Karibu, Baba," mama alinong'ona. "Mimi nakusanya sahihi."

"Za watu maarufu?"

"Za watu."

Alifungua albamu. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na zimekunjamana, kama za mtu aliyeshinda akifua. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi moja na tarehe. Kurasa zilishikana kwa unyevu, naye alizibandua polepole, kwa ustadi, bila kuchana.

Ukurasa. Ukurasa. Ukurasa.

Libère alishika ukingo wa meza.

Ile I yenye kitanzi juu. Zile e mbili za mwisho, moja ikiegemea nyingine. *Illuminée.* Wino uling'aa kana kwamba kalamu imeinuliwa sasa hivi. Tarehe ilikuwa ya maonyesho ya mwaka jana, majuma matatu kabla hajafa.

"Alikuja hapa?"

"Alisimama hapo ulipo."

"Alitaka nini?"

"Zawadi ya mumewe. Stempu moja ya Ruanda-Urundi, ile ambayo chapa yake imepigwa kichwa chini."

Libère aliijua. Stempu hiyo aliitafuta miaka ishirini. Illuminée alimwekea chini ya sahani, kwenye kifungua kinywa, akamtazama akiipata. Yeye alikimbilia kioo cha kukuzia. Hakuuliza imetoka wapi. Jumatatu iliyofuata mke wake alirudi kutoka shule akilalamika kwamba mkono wake umesahau jina lake, naye, akiwa bado na stempu mkononi, alimwambia apumzike.

Alielewa. Si yote... lakini ya kutosha.

"Naomba ukurasa huu," alisema.

"Ukurasa hautoki mpaka mwingine uingie." Mama alisukuma kalamu mbele yake. "Sisi wakusanyaji tunabadilishana, Baba. Unajua."

"Na yeye? Akitoka humu anakwenda wapi?"

 Mama alifungua ukurasa mtupu na kuulainisha kwa kiganja.

Tone...

Libère alifikiria nyumba ya Busanza. Kikombe kimoja kwenye sinia. Redio aliyoiacha ikiongea ili akifungua mlango asikute kimya. Alikuwa mtu wa vipimo, mpima maji kwa kazi yake. Alipima hili pia, akaona ukurasa ule unazidi uzito wa siku zilizomsalia.

Akatia sahihi.

Alipopita na ukurasa kifuani, Usumani hakuinua kichwa.

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Mwaka jana nilimuona mkeo Illuminée pale." Sauti ya Usumani ilikuwa ndogo. "Nikasema si shauri langu. Mimi yule mwenye albamu simtazamagi, ndugu yangu. Nisamehe."

Libère aliukaza ukurasa kifuani, akatoka nje. 

Nyumbani aliulaza ukurasa mezani juu ya taulo, akazima redio, akakaa nao. Aliisoma ile sahihi kama anayesoma barua ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikula akashiba.

Jumapili aliporudi kutoka misa, karatasi ilikuwa haijakauka. Ilikuwa imelowa zaidi. Na chini ya jina kulikuwa na mstari mpya, mwandiko uleule, wino mbichi:

*Mbona umekuja huku mapema hivi?*

Alisoma mara tatu. Kisha akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Jumatatu, kwenye maabara ya kupima maji alikofanya kazi, katibu wake, Joselyne, alimletea ripoti ya juma aisaini kama kawaida.

"Hapa chini tu, Docteur," alisema Joselyne.

Libère alishika kalamu. Alijua jina lake. Angeweza kulitamka. Lakini mkono ulikaa juu ya karatasi kama mgeni asiyejua nyumba anayoitafuta.

"Docteur? Uko sawa?"

"Niletee kidau cha wino," alisema taratibu.

Joselyne alicheka, akidhani ni utani. Alipoona uso wake, alikileta.

Libère akabonyeza dole gumba. Alipoliinua, kwenye karatasi hapakuwa na mistari ya dole, ila doa moja laini, na ukingo wa maji ukitambaa kulizunguka. Alikitazama kidole chake. Ncha ilikuwa nyeupe, imekunjamana, kama kitu kilicholoweshwa usiku kucha ili kibanduke vizuri.