Elinipendo Akiwa Pangani

Sokoni Bomang'ombe, siku ya gulio, mbwa mweusi alikaa juu ya mguu wa fundi wa kuchomelea na kugoma kuondoka. Fundi huyo, Kastori, alivua miwani yake myeusi na kuuliza mbwa ni wa nani. Mwanamke aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na raba nyeupe akasema ni wake. Jina lake Katibu, kwa sababu hakosi kikao.

"Basi mwambie aandike kwamba amenizuia kufanya kazi."

"Ameandika. Ameandika pia kwamba unacheka."

Huyo alikuwa Elinipendo wa Machame, dereva wa basi la shule mjini Moshi. Alikuwa amenunua Hiace kuukuu na kuanza kuigeuza nyumba, ili likizo ya Juni aende pwani polepole na rafiki yake Magdalena. Kastori alimchomelea fremu ya kitanda, kisha meza ya kukunja, kisha rafu ambayo hakuna aliyeiomba. Kufikia Pasaka simu zao zilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya mkesha.

Mwezi wa tano Kastori alimpeleka kwao Kirua Vunjo. Alikuwa kitinda mimba, na kwa Wachaga kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kukaa na mama. Elinipendo alilijua hilo wala hakuliogopa. Mama alimpokea vizuri, akampakulia kiburu, ndizi na maharage vilivyoiva pamoja. Ndipo Kastori, kwa kujigamba mbele ya shangazi zake, akasema mke wa kitinda mimba hazururi. Siku Elinipendo akiingia pale, lile gari litakuwa banda la kuku. Shangazi wakacheka. Elinipendo alimaliza chakula, akashukuru, akaondoka.

Jioni alipiga simu mara moja tu.

"Nilidhani unanitengenezea safari, Kastori. Kumbe ulikuwa unapima banda."

Baada ya hapo hakupokea tena.

Juni ilipofika, wanawake wawili na mbwa walisali Baba Yetu mbele ya usukani, wakateremka kuelekea pwani. Same walinunua tangawizi. Korogwe walilala siku mbili bila sababu yoyote ila kivuli kizuri. Muheza, Magdalena alikula machungwa hadi midomo ikamwasha. Kila asubuhi Elinipendo alimwomba Mungu amwondolee sauti ya yule mwanamume masikioni.

"Shoga," Magdalena alimwambia, "unaomba umsahau huku umelaza simu kifuani."

Siku ya saba, adhuhuri, walikuwa wameegesha chini ya minazi ya Pangani, wanakaanga samaki. Kastori akatokea akiwa amevaa suti ya kanisani, viatu vimejaa mchanga. Alikuwa amepanda mabasi mawili na bodaboda, na Magdalena ndiye aliyemwelekeza. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kule mlimani, anayeletewa isale hakatai kusamehe.

"Nilikuaibisha mbele ya watu wa kwetu," alisema. "Wewe unazijua barabara za nchi. Mimi kabla ya leo sijawahi kupita Mwanga. Niliogopa utaniacha nyuma, nikataka kukufungia."

Elinipendo alilipokea jani kwa mikono miwili na kusamehe kweli, moyo ukawa mwepesi. Lakini Kastori alipotoa pete, Elinipendo aliufunika mkono wake.

"Isale imenifanya nisamehe. Hainilazimishi kuolewa. Ulilosema ulilisema kwenu, lifute kwenu."

Kastori alimpigia mama yake, spika ikiwa wazi.

"Shikamoo mama. Yale ya banda la kuku nilikosea. Elinipendo akinikubali, ataendelea kuendesha, nami nitakaa kiti cha abiria. Kama mke wa namna hiyo hafai nyumbani kwako, niambie sasa."

Samaki wakaanza kuungua, wala hakuna aliyewageuza.

"Shangazi zako niliwaambia siku ileile kwamba umesema upuuzi," mama akajibu. "Miaka sabini nipo huku juu, Moshi mjini ndio mwisho wangu. Kitinda mimba anakaa na mama yake, ni kweli. Nani alisema mama hatoki? Humo ndani ya gari kuna nafasi ya mzee?"

Magdalena alijifunika kanga usoni kwa kicheko. Elinipendo akaichukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemkubali huyu?"

Elinipendo alimtazama Kastori, jasho likimtiririka ndani ya suti. Akanyoosha kidole, na pete ikaingia.

"Nimemkubali, mama."

Simu ikajaa vigelegele vya mtu mmoja, vikakatizwa na kikohozi, vikaanza upya.

"Basi njooni mnichukue," mama akasema. "Nami niione hiyo bahari. Ngoja nitafute viatu."