Kompyuta Iliyokula Betri Bure

Noreen Pelkey alikuwa akimenya viazi jikoni, jicho moja likiwa kwenye kompyuta yake ya mkononi. Nukta nyekundu kwenye ramani ilionyesha alipo mumewe, Dwight. Dwight huwatafuta watu waliopotea kwenye theluji ya milima ya Vermont, Marekani. Redio anayoibeba hutuma alama, na kompyuta hiyo tu ndiyo huipokea.

Tatizo lilikuwa betri. Katika dhoruba iliyopita umeme ulikatika, kompyuta ikazimika, na Dwight alikuwa bado mlimani. Noreen alikaa roho mkononi mpaka aliposikia buti zake mlangoni. Sasa dhoruba nyingine ilitangazwa kuja kesho.

Akamwita jirani yake, Thelma, mtengenezaji wa programu za Linux, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo.

"Shoga, nimehangaika! Nimepunguza mwanga, nimebadilisha kiendeshi cha picha, nimewasha kila kitu nilichoelekezwa mtandaoni. Sijui hata kipi kinasaidia."

"Umetia chumvi, sukari na pilipili kwa mpigo, halafu unauliza ladha imetoka wapi!"

"Usinitanie, Thelma. Kesho anapanda tena."

Thelma akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Haya. Turudishe kila kitu kilivyokuwa. Chomoa chaja, maana tunataka kuona betri inatoa umeme kiasi gani. Mwanga usiuguse tena. Fungua ramani tu, tusubiri namba itulie."

Namba ikatulia: wati kumi na nane.

"Mashine yako ina kadi mbili za picha," Thelma alieleza. "Ndogo inatosha kwa ramani. Kubwa ni ya michezo na video nzito. Kiendeshi ni programu inayoiongoza kadi: ikae macho au ilale. Tutabadilisha jambo moja tu. Tutakiambia kiilaze ile kubwa."

Wakabadilisha, wakaiwasha upya. Mwanga uleule, ramani ileile. Namba ikaja: kumi na nane.

Noreen akavunjika moyo. "Haijasaidia kitu!"

"Ngoja. Hicho kidirisha cha pembeni ni cha nini?"

"Kinaonyesha joto la kadi kubwa. Nilikiweka niichunge."

"Ndicho kinachoiamsha! Unamfunua mtoto kila saa uone kama kalala. Atalala vipi?"

Noreen akakifunga. Namba ikaanza kuteremka, ikatua kwenye kumi.

"Tayari!" akasema.

"Bado. Mara moja yaweza kuwa bahati."

Wakaondoa lile badiliko la kiendeshi, namba ikapanda. Wakalirudisha, ikashuka. Hapo ndipo Thelma alipokubali kikombe cha kahawa.

Kesho yake dhoruba ilikuja na hasira zake. Umeme ukakatika mapema. Noreen aliiangalia nukta ikipanda, ikipinda, kisha ikasimama. Akasubiri. Haikusogea. Mara iliyopita, kufikia muda kama huo, betri ilikuwa imeshaisha. Sasa ilikuwa bado na karibu nusu.

Akashika redio ya mezani inayotumia betri, akaita kituo cha waokoaji.

"Dwight hasogei! Yuko bonde la pili, ng'ambo ya kijito."

Wakaenda moja kwa moja. Walimkuta kavunjika mguu, theluji imeshamfunika hadi kiunoni. Noreen hakubanduka kwenye skrini mpaka nukta ilipoanza kuteremka polepole, ikivutwa kwenye sleji, kitanda cha kuburuzwa juu ya theluji.

Hospitalini Dwight alimshika mkono. "Niliita, redio haikujibu; kipaza sauti kilivunjika nilipoanguka. Nikadhani hakuna anayejua nilipo."

"Mimi nilikuwa nakuona," Noreen alisema, na ndipo machozi yalipomtoka. "Muda wote, nilikuwa nakuona."