Wasia wa Kaltumi Kabla ya Arobaini

Watu wa mtaa wa Kisugu bado wanamkumbuka Zéphyrin, Mkongomani wa Butembo aliyetengeneza kompyuta pale mwaka 2007. Fundi hodari, lakini mdomo wake ulikuwa mchafu. Mteja akisema, "Imezima tu yenyewe, fundi," alimcheka mbele za watu. Hata mafundi wenzake, waliozoea kubofyabofya kwa mausi, aliwaita kuku wanaodonoa. Yeye alitumia mfumo wa Linux, na kila amri aliiandika kwa mkono.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Husnah akamletea CD iliyokwaruzika. Mama yake, Kaltumi, mwanamke asiyekosa hina vidoleni, alirekodi wasia humo kabla hajafariki, akaagiza usisikilizwe mpaka siku ya arobaini yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Fundi, angalia tu kama inasoma. Usisikilize, nakuomba. Sauti yake nyingine hatuna."

"Dada, maiti atajuaje?" Zéphyrin akacheka. "Nenda, urudi saa nane."

Alipoondoka tu, akaisukuma CD ndani ya mashine, akaandika amri ya kuipachika kwenye folda tupu:

mount -o ro /dev/cdrom /mnt/cd

Hizo herufi "ro" maana yake ni kusoma tu. Hakuna awezaye kuongeza kitu wala kufuta. Faili lilikuwa moja. Inasoma. Angeweza kuishia hapo. Akalifungua, apate cha kuwachekeshea watu jioni.

Sauti ya bibi ikasema bismillahi. Ikawataja watoto wake, Marjan, kisha Husnah. Zéphyrin akaiga lafudhi yake, akajichekea.

Sauti ikanyamaza.

"Husnah hayupo hapo," ikasema. "Wewe unayecheka ni nani?"

Akalifunga faili. Kimya. Akajitukana moyoni: kumbe naye mjinga kama wateja wake. Akaandika amri ya kuitenganisha CD na mashine:

umount /mnt/cd

Mashine ikakataa. Diski inatumika, ikajibu.

Na nani? Programu zote alikuwa amezifunga. Akaandika fuser -mv /mnt/cd, amri inayotaja jina la anayeitumia. Kompyuta ile ilikuwa na mtumiaji mmoja tu, yeye mwenyewe. Jina likatokea kwenye skrini.

kaltumi

Akabonyeza kitufe cha kutolea diski. Haikutoka. Akachomoa waya ukutani. Skrini ikazima. Feni ikasimama.

CD ikaendelea kuzunguka.

Aliisikia ikivuma ndani ya sanduku lisilo na umeme. Kisha mnong'ono, sikioni kabisa:

"Nirudishe kwa mwanangu."

Akanyoosha pini ya karatasi, akaichomeka kwenye kitundu cha dharura mbele ya mashine mpaka trei ikafunguka. Hakungoja saa nane. Aliifunga CD kwenye leso, akaenda kwa Husnah karibu anakimbia.

"Inasoma?" akauliza Husnah mlangoni.

"Inasoma, dada." Alishindwa kumtazama. "Nilisikiliza. Unisamehe."

Husnah aliipokea, akafunga mlango.

Siku ya arobaini familia iliusikiliza wasia wote, mwanzo hadi mwisho, bila kasoro. Siku hiyohiyo Zéphyrin alifungua skrubu nne za kisomea-CD ili akitupe. Hazikuwa zimewahi kufunguliwa tangu kiwandani. Upande wa ndani wa kifuniko cha bati kulikuwa na alama za vidole vitano, za hina.

Alipozigusa, zilikuwa bado mbichi.